Alaumiwe aliyetaja tarehe

Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema hivi: mtu ameagiza nguo ya kushonwa kupitia simu, kalipa, siku ya shughuli imefika na nguo haijafika, alaumiwe nani, na adai nini? Jibu langu ni fupi, maelezo yake ndiyo marefu. Alaumiwe aliyetaja tarehe. Na mara nyingi aliyetaja tarehe si fundi, wala hajawahi kukalia cherehani.

Mimi nashona kanzu Ngamiani, hapa Tanga, kwenye zile barabara zetu za namba. Cherehani yangu ya kwanza ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu na bado ninayo, maana umeme ukikatika yenyewe haina habari. Ila oda siku hizi haziingii kwa mlangoni. Zinaingia kwenye simu ya mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye ndiye anayepiga picha, anayepokea pesa na anayewajibu wateja wa Dar es Salaam, Arusha, Unguja hadi Muscat. Upande wa fundi naujua kwa mikono yangu. Upande wa muuzaji wa mtandaoni nimeujua kwa masikio, kwa sababu sauti za wateja wanaomgombeza huzifungulia spika ili na mimi nisikie.

Zamani mteja alikuwa anaiona foleni. Alikuja na kitambaa chake kwapani, akakuta mifuko imepangwa mpaka chini ya meza, kila mfuko na kikaratasi cha jina, na mafundi wameinamia kazi. Kabla hujamwambia kitu alishajua. Wengine walicheka tu wakasema, "Fundi, kwa hali hii mimi wa baada ya Idd," wengine wakavuka barabara kwenda kwa jirani. Kwenye simu foleni haionekani. Ipo picha moja ya kanzu iliyopigwa pasi, imetundikwa, na bei chini yake. Kwenye kioo hicho hicho kuna duka la viatu lenye picha ya namna hiyo na namba ya kulipia ya namna hiyo. Kiatu kipo dukani tayari. Ukilipa asubuhi, jioni kiko kwenye basi. Kanzu ile ya pichani ilishachukuliwa na mwenyewe siku nyingi. Yako bado ni kitambaa ndani ya jora, pengine jora lenyewe liko Kariakoo. Mteja ataijuaje tofauti hiyo kama hakuambiwa? Ndiyo maana simlaumu anayetuma ujumbe siku ya pili kuuliza imefikia wapi.

Kuna wanaosema Waswahili hatujui kusubiri. Hilo nalikataa. Tazameni kofia za vito. Kofia ya mkono, yenye vitundu vidogo vidogo ambavyo kila kimoja kimezungushiwa uzi kwa sindano, humchukua mshonaji miezi, kwa sababu kina mama wanaozishona hufanya hivyo katikati ya kupika na kulea. Mtu huagiza, hutoa arubuni, anakwenda zake. Mimi sijapata kusikia ugomvi wa kofia ya vito kuchelewa. Na jirani na hapo zinauzwa kofia za mashine, za kuchukua na kuondoka, kwa bei ya chini sana, kwa hiyo mnunuzi anajua anachagua lipi. Kinachoudhi ni kuambiwa siku tano halafu zikawa wiki tatu.

Sasa njooni kwenye mzizi wa magomvi mengi: siku ya kwanza ni ipi? Muuzaji ameandika "siku saba". Mteja anaanza kuhesabu pale simu ilipomletea ujumbe kwamba pesa imekwenda. Fundi anaanza kuhesabu siku anapoweka mkasi kwenye kitambaa. Kati ya siku hizo mbili mna mambo. Vipimo havijaja. Vimekuja, lakini urefu wa mkono umeandikwa mkubwa kuliko wa mguu. Mteja hajaamua kama anataka kola au shingo ya wazi. Rangi aliyoipenda imekwisha na muuzaji anasubiri mzigo kutoka Dar. Pesa iliyotumwa ni nusu, iliyobaki "nitamalizia wikiendi". Siku ya nane ikifika, mmoja anasema umechelewa, mwingine anasema ndiyo kwanza siku ya tatu, na kila mmoja kwa hesabu yake yuko sawa.

Kwetu tumeandika wazi: siku zinaanza kuhesabiwa vitu vitatu vikishatimia, yaani vipimo kamili, kitambaa kilichokubaliwa, na arubuni. Siku hiyo mpwa wangu humwandikia mteja, "Leo ndiyo siku yako ya kwanza, umetanguliwa na kumi na wawili." Ile idadi ya waliotangulia inatuliza watu kuliko maneno matamu yoyote. Inafukuza pia. Wapo walioisoma wakaenda kwa wenye kuahidi siku tatu, na mimi nikawatakia heri.

Vipimo navyo vina maneno yake. Mtu anajipima peke yake mbele ya kioo, mkono mmoja umeshika tepu, mwingine kalamu; bega halipimiki hivyo. Yupo aliyejipima kwa waya wa chaji, kisha akaupima waya kwa rula ya mtoto wa shule. Kanzu inasamehe, ni nguo pana, ukikosea kidogo ubavuni hakuna atakayejua. Gauni la kubana halisamehe, suti ndiyo kabisa. Hapo fundi anayejua kazi huacha kitambaa cha ziada ndani ya mishono na kuweka siku za marekebisho kwenye hesabu yake. Muuzaji asiyeshona haziweki siku hizo. Yeye hesabu yake ni nguo itoke kwenye cherehani saa kumi, saa kumi na moja iwe stendi. Anayeagiza kutoka mbali namshauri atafute nguo yake moja inayomkaa vizuri, ya aina ile ile anayoitaka, aitume kwa basi iwe mfano. Itakula siku moja au mbili njiani, lakini fundi ataitandaza mezani na kuipima mwenyewe, na hamtashinda mkirushiana picha za tepu wiki nzima.

Halafu kuna kalenda. Krismasi haihami, Idd inahama. Idd el-Fitr ya 2024 ilikuwa tarehe 10 Aprili. Ya 2025 ikaja tarehe 31 Machi. Muuzaji anayefungua daftari la mwaka uliopita na kunakili siku ya mwisho ya kupokea oda amejipunja siku kumi zilizo moto kuliko zote, na bado mwezi unaweza kuandama jioni ya mfungo wa ishirini na tisa ukala na ile siku moja aliyoitegemea. Vitambaa navyo vina kalenda yao. Vingi vinavyouzwa Kariakoo vinatoka China, na viwanda vya huko hufungwa kwa mwaka wao mpya, ambao huangukia kati ya mwishoni mwa Januari na Februari. Miaka hii Ramadhani imesogea nyuma ikakaribiana nao, kwa hiyo rangi iliyokwisha wakati huo haipatikani kesho.

Kwa sisi wa kanzu, msimu unaanza Rajabu, na ikifika nusu ya Shaabani mwenye busara anafunga daftari. Lakini pesa ya Ramadhani ni tamu. Wapo wanaopokea oda hadi kumi la mwisho, wanajua kabisa mikono iliyopo haitoshi, wakitumaini fundi atakesha. Fundi aliyefunga mchana na kukesha usiku hushona mkono wa kulia kwenye bega la kushoto. Na huyo mpokeaji oda mimi siwezi kumwita mchelewaji. Alijua tangu dakika aliyoipokea pesa.

Tena yamezuka haya ya picha za kuazima. Mtu hana fundi, hana cherehani, ana simu na picha za mishono ya Lagos na Dubai. Anapokea oda, anaweka chake cha juu, kisha ndipo anamtafuta wa kushona. Fundi naye hana mashine ya darizi, anapeleka kwa mwenye nayo, ambaye ana foleni yake. Tarehe ilitolewa na wa kwanza, na hakumuuliza hata mmoja wa hao. Jirani yangu aliagiza kwa mtu wa aina hiyo gauni la kuvaa kwenye sendofu ya binti yake. Akapigwa kalenda, leo kesho, fundi anaumwa, fundi kafiwa. Mwisho akadai aonyeshwe huyo fundi, ikabainika kwamba fundi hajaletewa hata kitambaa. Mama wa watu akaingia ukumbini na dira lake la zamani, na kusema kweli lilimpendeza, lakini hilo halimsafishi muuzaji. Kabla ya kulipa pesa ya pili, ombeni picha ya kitambaa chenu kikiwa mezani, kina kikaratasi cha jina lenu. Mwenye karakana anaipiga papo hapo. Mwenye picha za kuazima atakwambia simu haina chaji.

Usafiri nitaupita haraka, kwa kuwa unasingiziwa kuliko unavyostahili. Tanga hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 350. Mzigo ukikatiwa risiti asubuhi stendi ya Kange, jioni mwenyewe ameupokea, na konda anapatikana kwa simu. Pemba na Unguja ni habari nyingine, hapo unategemea boti na bahari. Mvua ikikata barabara, hilo halina mwenyewe. Lakini nguo nyingi mnazoambiwa ziko njiani bado ziko chini ya sindano.

Mteja adai nini, basi? Madai yake yanaanza kabla hajalipa. Aseme kwa maandishi kwamba hii ni nguo ya harusi ya tarehe fulani, na kwamba ikipita siku hiyo hana kazi nayo. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inatofautisha mambo mawili. Pale wahusika walipokusudia muda uwe ndiyo roho ya makubaliano, aliyecheleweshewa anaweza kuuvunja mkataba. Pasipo na kusudio hilo mkataba unabaki, naye atadai fidia ya hasara aliyoipata kwa kucheleweshewa. Na hata yule mwenye haki ya kuuvunja, akiipokea nguo iliyochelewa bila kumwarifu mwenzake kwamba atadai, fidia ya kuchelewa imempotea. Kwa hiyo andika kwanza, pokea baadaye. Ujumbe wa simu unafaa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inautambua kama maandishi.

Ndugu zetu walioko Uingereza hutuuliza habari za siku 14 za kurudisha. Kwao zipo, kwenye kanuni za 2013, kwa kitu kilichonunuliwa mtandaoni. Ila kanuni hizo hizo zimetoa nje bidhaa iliyotengenezwa kwa maelekezo ya mnunuzi mwenyewe, na hapo naona waliotunga walimfikiria fundi. Kanzu ya mtu wa futi sita na nusu nitamuuzia nani? Mlingoti?

Kuhusu pesa, msimamo wangu ni huu. Kitambaa hakijakatwa na tarehe imepita: irudi yote, pamoja na makato ya kuituma. Kimekatwa, lakini kuchelewa kumetokana na sisi: irudi yote vilevile. Kanzu ya kipimo cha kawaida itapata mtu msimu ujao, na isipopata hasara ni yangu. Aliyebadilisha mshono baada ya mkasi kupita, huyo amejitoa kwenye foleni mwenyewe. Tutamshonea, ila anaanza nyuma ya wote na kitambaa cha pili ananunua.

Liko jambo moja ambalo mimi na mpwa wangu bado tunavutana. Anataka tuweke bei ya haraka, anayeongeza pesa ashonewe kwanza. Anasema wenzake wote wanafanya hivyo na wateja wenyewe ndio wanaoomba. "Mjomba, si wanalipa?" Wanalipa, namwambia, lakini siku wanazonunua wanamnyang'anya yule tuliyemwandikia kwamba ametanguliwa na kumi na wawili. Akiuliza mbona sasa ni kumi na watatu, utamjibu wewe au nimjibu mimi? Yeye anasema basi oda za haraka zishonwe usiku, nje ya foleni, kwa malipo ya usiku. Nimekubali tuijaribu hiyo baada ya Maulidi, si msimu wa Idd, na kwa sharti kwamba ile nyongeza yote aichukue fundi atakayekesha. Sharti hilo bado hajalijibu.