Jibu: Zahanati bila bajeti na mabadiliko ya tabianchi

Habari mkuu. Umeuliza zahanati isiyo na bajeti ifanye nini kuhusu mabadiliko ya tabianchi zaidi ya kupanda miti. Panda tu, ila anza na kitabu cha MTUHA (mfumo wa taarifa za afya) namba 5, rejesta ya wagonjwa wa nje. Chambua wagonjwa wa kuhara na malaria mwezi kwa mwezi, ulinganishe na mvua. Kwetu kuhara hupanda vyoo vya bondeni vikishafurika. Siku hizi TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) wakitoa utabiri wa Masika tunaagiza mapema ORS (chumvichumvi za kuhara), zinki na vipimo vya malaria, na wahudumu wa jamii wanagawa dawa ya kutibu maji. Friji ya chanjo ipandishe juu ya matofali, mafuriko yasiifikie. Takwimu zako mpelekee mwenyekiti wa kijiji. Choo cha bondeni kitahamishwa haraka kuliko kwa semina.