Msomeni kwenye mafaili

Mhariri, mmeuliza wiki hii kama cheo humbadilisha mtu au humfichua alivyo. Jibu langu ni kwamba humfichua, ila polepole, na si pale wengi wanapotazama. Wengi husikiliza hotuba ya kuapishwa, ambayo mara nyingi huandikwa na wasaidizi. Mwenyewe utamwona katika yale ambayo hakuna kanuni inayombana.

Anza na habari mbaya. Ofisa analeta taarifa kwamba hesabu hazilingani. Bosi akiuliza, "Tofauti ilianzia wapi?", taarifa zitaendelea kuja. Akiuliza, "Nani kakutuma?", basi baada ya mara mbili tatu watu watajifunza. Neno "hasara" litageuka kuwa "changamoto", tarakimu zitahamishiwa kwenye kiambatisho, naye atakuwa wa mwisho kujua nyumba inaungua. Watu watasema madaraka yamempofusha. Hapana, ni yeye aliyewafundisha kumfumba macho.

Kisha omba mihutasari ya vikao ya miezi sita, usichukue ya mwezi wa kwanza, maana mgeni huja na adabu zake. Je, hoja zilizompinga zimeandikwa au zimeyeyuka? Nani anatajwa uamuzi ulipofaulu, na nani ulipoharibika? Ukikuta "Mwenyekiti alielekeza" kwenye mema na "kikao kiliazimia" kwenye mabaya, huhitaji ushahidi mwingi zaidi. Angalia pia akisafiri: kaimu ana mamlaka ya kutia sahihi, au mafaili yanalala yakimngoja? (Ukali peke yake usikudanganye. Mkali anayemkatalia ndugu yake kwa kanuni ileile anayomkatalia mgeni ni afadhali kuliko mpole wa kuchagua.)

Wengi hutaja kuondoka kama kipimo kikuu, na humsifu George Washington, ambaye mwaka 1783 alirudisha ukuu wa jeshi kwa Bunge la Marekani. Sifa anastahili. Lakini Sulla, jemadari wa Roma ya kale, naye aliachia udikteta kwa hiari, wakati desturi ya zamani ya kwamba dikteta asikae zaidi ya miezi sita alikwisha kuivunja, na baada ya kubandika hadharani orodha za maadui wa kuuawa na kunyang'anywa mali. Kwa hiyo kuachia kiti hakutoshi, tazama anakiachaje.

Hapo soma hati ya makabidhiano. Samani na magari kila mtu huyaorodhesha. Tafuta madeni, kesi zilizo mahakamani, mikataba inayokaribia kuisha, na hasa ahadi alizotoa kwa mdomo. Hizo za mdomo hakuna mkaguzi awezaye kuzigundua, na asipoziandika, aibu ya kuzivunja itamwangukia mrithi wake.