Mvinyo wa Matunda Pori: Pima Utamu Kabla ya Kutia Sukari

Mwaka wa kwanza nilipotengeneza mvinyo wa matunda ya vichakani, nilifuata maelekezo neno kwa neno: kilo 2 za matunda, kilo 1.2 za sukari, maji ya kutimiza lita 5, na hamira ya mvinyo. Ulitoka vizuri. Mwaka uliofuata nilichuma kwenye vichaka vilevile, nikatia sukari ileile, nikajaza chupa mara tu mapovu yalipotulia, na usiku mmoja chupa mbili zikapasuka stoo na kuuachia ukuta madoa ambayo hayajatoka mpaka leo.

Kosa lilikuwa langu. Utamu wa tunda pori hutegemea mvua, jua, na hata upande wa kichaka ulikochuma, kwa hiyo kilo moja ya mwaka huu si kilo ya mwaka jana. Mwaka ule jua lilikuwa kali na matunda yalikuwa matamu kupita kiasi, nami nikaongeza sukari juu ya sukari. Baridi ilipoingia hamira ililala, nikadhani imemaliza kazi; joto liliporudi iliamka ndani ya chupa zilizozibwa.

Tangu hapo sitii sukari kabla ya kutumia haidromita, kile kipimo cha kioo kinachoelea kwenye juisi na kuonyesha sukari iliyomo: maji matupu husoma 1.000, na sukari ikizidi namba hupanda. Juisi hutiwa kwenye chombo chembamba na kirefu, kipimo kikazungushwa kidogo ili kiachane na viputo vinavyokiinua, kisha husomwa macho yakiwa sawa na uso wa juisi. Mimi huongeza sukari kidogo kidogo hadi kipimo kisome takriban 1.085, kiwango ambacho, hamira ikimaliza kazi yake, huleta kilevi cha asilimia 11 hivi. Sijazi chupa mpaka kisome chini ya 1.000 na kibaki palepale kwa siku kadhaa mfululizo, hata kama mapovu yamenyamaza zamani.

Kazi yenyewe, hata hivyo, huanzia kichakani. Usichume tunda usilolijua kwa hakika, wala usidanganywe na ndege, kwani wao hula bila madhara matunda ambayo humdhuru binadamu. Pita mbali na barabara yenye magari mengi na mashamba yanayopuliziwa dawa, na umwombe mwenye eneo ruhusa. Tunda lililoiva kwa kawaida huachia kikonyo likiguswa tu. Ukilazimika kulivuta, liache, kwa kuwa ukakasi wake utaukuta kwenye glasi. Yaliyooza huyatupa palepale, maana machache tu yanatosha kuharibu ladha ya ndoo nzima.

Nyumbani, safisha kila chombo, kisha ponda matunda kwa mkono bila kuvunja kokwa, hasa za jamii ya plamu, ambazo zina kemikali inayoweza kuzalisha sianidi. Usiyachemshe, kwani moto hutoa pektini nyingi, ile inayogandisha jemu, na mvinyo haupati uangavu. Baada ya siku nne au tano za kuchachuka, chuja machicha na uhamishie mvinyo kwenye chombo chenye mfuniko unaotoa gesi bila kuingiza hewa, la sivyo bakteria wa siki watakutangulia.

Kwa anayependa pombe kali, njia salama ni kuloweka matunda katika pombe iliyokwisha kutengenezwa na yenye kilevi kisichopungua asilimia 37. Kuchemsha pombe nyumbani na kukusanya mvuke wake ni kosa la jinai katika nchi nyingi bila leseni, na mvuke huo hushika moto haraka. Mimi sijajaribu wala sitajaribu. Jaza mtungi matunda hadi nusu, mimina pombe mpaka juu, funika, na utikise kila baada ya siku chache kwa miezi 3. Maelekezo mengi husema sukari itiwe mwanzoni, lakini mimi husubiri hadi nimechuja, nikaonja, ndipo natia gramu 50 kwa kila lita na kuonja tena kesho yake. Kuna mwaka ilihitaji mara nne, na kuna mwaka mara moja ilitosha. Matunda yanayobaki huyatoa kokwa na kuyachanganya kwenye keki, ambayo huiweka mbali na watoto.