Krismasi hii ukipanda Uchagani kumrekodi bibi, achana na orodha ya maneno

Kila mwaka Disemba ikikaribia magrupu ya ukoo yanachangamka, mara michango ya ng'ombe, mara nani anapanda na gari ya nani, na lazima atokee mtu mmoja aseme jamani Kichaga kinapotea tuandike kamusi. Basi hapo kila mtu anatupia lake, mburu ni mbuzi, aika ni asante, mndu ni mtu, siku mbili tatu maneno yameisha na grupu limerudi kwenye michango. Sipingi. Ila kwa ninavyoona kwetu Vunjo na hapa Moshi mjini ninakokaa, maneno siyo yanayotangulia kuondoka. Mtoto wa Majengo, huku mjini, ambaye hajawahi kulala kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, anayo maneno mengi tu. Asichokuwa nacho ni namna yanavyoshikana, yaani sarufi, na hiyo hamna grupu linaiandika.

Chukua kitenzi hiki cha Kivunjo, yaani Kichaga cha kwetu Vunjo: naikimlyiia. Kimoja tu hicho, lakini ndani kuna n- ya kukazia, kuna anayekula, kuna wakati uliopo, kuna -ki- ambayo ni chakula chenyewe, kuna -m- ambayo ni mtu ambaye chakula kinaliwa kwa niaba yake, kisha ndo inakuja kula kwenyewe na ile i ya kutendea. Sasa geuza Kiswahili. Utasema anamlia chakula mke wake, sawa (japo ukiishia "anamlia" watu watauliza msiba uko wapi). Jaribu kusema "anakimlia" uone watakavyokuangalia. Kiswahili kinakupa nafasi moja tu ya mtendwa ndani ya kitenzi, Kivunjo kinakubali zaidi ya moja. Mtoto aliyekulia Kiswahili anamsikia bibi akisema hivyo na anaelewa kila kitu, ila akiongea mwenyewe anaweka kiambishi kimoja, kile kingine anakitaja kwa jina pembeni. Anaeleweka vizuri tu, ndo maana hakuna anayestuka.

Wakati uliopita nao hivyohivyo. Wazee wanatofautisha ndani ya kitenzi kilichotokea leo, cha juzijuzi na cha zamani sana, wakati sisi kwenye Kiswahili -li- inabeba kila kitu, kuanzia chai ya asubuhi mpaka enzi za Mangi Meli, chifu wa Moshi wakati wa Wajerumani. Binti ya dada yangu ana moja anayoijua, anaitumia kwa yote halafu anamalizia na "zamani" au "leo leo" ya Kiswahili. Na toni, ile kupandisha na kushusha sauti kunakobadili maana, ndo usiseme, Kiswahili hakina toni, sisi tunakaza silabi ya pili toka mwisho tunasonga mbele, kwa hiyo watoto wanakipiga pasi Kichaga chote kinakuwa bapa.

Hii siyo ya Wachaga peke yetu wala haina uhusiano na uvivu wa watoto wa siku hizi. Kule Scotland mama mmoja mtaalamu wa lugha, Nancy Dorian, alianza mwaka 1963 kufuatilia Kigaeli, lugha ya zamani ya huko, cha vijiji vya wavuvi, Brora, Golspie na Embo, akawakuta watu aliowaita wasemaji nusu. Hao walikuwa wanaelewa karibu kila kitu, wanajua utani, wanajua wapi pa kujibu na wapi pa kunyamaza, ila sarufi yao imepungua. Wazee walikuwa na njia nyingi za kufanya wingi, kubadili sauti katikati ya neno na kadhalika, vijana wakawa wanaegemea zaidi kupachika kitu mwishoni. Australia ndo kali zaidi. Lugha inaitwa Kidyirbal, kaskazini ya Queensland, ilikuwa na ngeli nne, na moja ilibeba wanawake, moto, maji na vitu vya hatari. Miaka ya mwanzo ya 1980 Annette Schmidt akaenda kuwasikiliza vijana, akakuta kwa wale ambao lugha imewatoka zaidi ngeli ya vyakula vya mimea haipo tena, na ile ya wanawake imebaki na wanawake tu, moto na maji vimehamia kwenye "vinginevyo". Ukiangalia vizuri ni mpango wa Kiingereza, wa kiume, wa kike na kitu, ila umevaa maneno ya Kidyirbal.

Sasa kuna mtu ataniambia lugha zote zinabadilika bana, mbona Nairobi wanasema "kitabu zangu" na Kiswahili hakijafa. Kweli kabisa. Ila Kiswahili kikipunguza hapa kinaongeza pale, kina watoto wapya mamilioni wanaogombana nacho kila siku. Lugha inayohamwa inapunguza tu, na kila inachopunguza kinaishia kufanana na lugha watu wanayohamia.

Halafu wapo waliokwenda kinyume, tena jirani zetu. Wambugu wa Usambara, kule Lushoto, wana lugha inaitwa Kima'a, maneno yake mengi yana asili ya Kikushi, ukoo wa lugha kama Kisomali na Kiiraqw, lakini sarufi ni ya Kibantu, karibu sana na Kipare. Wao waliachia mifupa, yaani sarufi, wakabaki na nyama, yaani maneno. Sijui nisemeje hapo, maana ni lugha yao na inawatofautisha na majirani kama walivyotaka. Ila kama nia yako ni Kichaga cha bibi, kamusi ya grupu inakupeleka hukohuko, maneno ya Kichaga juu ya Kiswahili.

Kwa hiyo ukipanda, usimkalishe bibi ukamuuliza mbuzi mnaitaje. Atakutajia, atachoka, ataulizia soda. Mtafute na jirani yake wa rika moja, weka simu mezani, wewe kaa pembeni waongee wao kwa wao, kwa sababu akiongea na wewe anarahisisha, anakushushia lugha mpaka kwenye Kiswahili chako. Waanzishie mada zinazolazimisha vitenzi: leo asubuhi mlipikaje, msiba wa wiki iliyopita ulikuwaje, zamani mahari ilipelekwa na nani akabebewa na nani. Hiyo ya nani kabebewa nini ndo inatoa vitenzi virefu. Wagombane kidogo kama inawezekana, mtu akikasirika hana muda wa kurahisisha.

Mwanzoni mwa kila sauti taja kijiji na tarehe. Kirombo, Kimachame na Kivunjo vinatofautiana mpaka kwenye sarufi, na kuna shangazi zetu wana tabia ya kumsahihisha aliyeolewa kutoka Rombo, wakatalie.

Na dogo akijaribu akakosea, msicheke. Hili nasema kwa uchungu kwa sababu sebule zetu zina wachekaji sana, dogo anasema sentensi moja anapigiwa makofi ya kejeli, kuanzia hapo anajibu kwa Kiswahili mpaka anaoa. Mjibu tu kwa Kichaga kilichonyooka, arudie au asirudie shauri yake. Huyo msemaji nusu ndo atakayekaa na wewe mwakani kuandika ulichorekodi, maana masikio yake ni mazima hata kama mdomo umekwama, na muandike mapema wazee wakiwepo wa kuuliza toni.

Sauti usiziache WhatsApp, simu ikipotea zimekwenda. Hamishia kwenye memori kadi na kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Omba ruhusa kabla hujawasha, na wazee wakianza kuongelea mipaka ya kihamba na nani alisogeza sale, ile mimea ya mpakani, usiku, hapo zima simu.