Sabuni ya kufulia ya nyumbani: maswali yenu kuhusu magadi, Ungerol na maji ya kisima

Wiki mbili hizi maswali yaliyonifikia karibu yote ni ya sabuni ya kufulia. Nimekuwa nikijitengenezea yangu hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, kwa miaka tisa, na mengi mnayouliza niliyajua kwa kuharibu kwanza. Nimechagua maswali nane.

Nimeona Wamarekani wakichanganya sabuni iliyoparuzwa, borax na soda ya kufulia. Nimezunguka supamaketi za Donholm sijaiona hiyo soda. Nitumie nini? – Mama Tasha, Donholm

Hiyo soda, Mama Tasha, inachimbwa huku huku kwetu. Ni soda ash. Ziwa Magadi kule Kajiado limejaa magadi, na kampuni ya kuyachimba iliundwa mwaka wa 1911. Kiwandani magadi huchomwa mpaka maji na gesi ya kaboni vitoke, kinachobaki ni unga mweupe ambao viwanda vya vioo na vya sabuni hununua kwa tani. Shuka mjini, ingia maduka ya kemikali ya River Road, useme "soda ash" kwa jina hilo hilo. Watakupimia hata kilo moja.

Usiweke magadi ya kupikia githeri badala yake. Ni ya ukoo mmoja, ila hayajachomwa, kwa hiyo nguvu yake ya kutoa uchafu ni ndogo, na mara nyingi huja na udongo wake. Borax nayo iache. Umoja wa Ulaya umeiweka miongoni mwa vitu vinavyoweza kudhuru uzazi, na kazi yake katika beseni soda ash inaifanya.

Chukua sabuni nyeupe ya kipande, gramu 800, uiparuze kwa greta ya karoti. Ianike kivulini siku mbili hadi ivunjike vidoleni, kisha uchanganye na gramu 400 za soda ash. Kwa beseni la lita 10 vijiko viwili vya mezani vinatosha. Viyeyushe kwanza katika kikombe cha maji ya moto, la sivyo utakuta vipande vimeng'ang'ania kwenye mifuko ya suruali. Jinzi, mashuka na kanga zitatakata. Sweta ya sufi au kitambaa cha hariri usikitie humo, soda ash ni alkali, nayo hula nyuzi zake.

Nilihama kutoka Kahawa West kwenda Kitengela. Sabuni ile ile ya kuparuza sasa haitoi povu, na mashati meupe ya shule yamekuwa ya kijivu. Nimekosea wapi? – Baba Ryan, Kitengela

Hujakosea, Baba Ryan. Umebadilisha maji. Kahawa West ulikuwa ukifua kwa maji ya mfereji, na sehemu kubwa ya maji ya mfereji wa Nairobi hutoka mito ya Aberdare, yakakusanywa katika bwawa la Ndakaini kule Murang'a. Ni maji laini. Huko uliko sasa, bila shaka unatumia kisima. Maji ya kisima hukaa muda mrefu ndani ya mawe na mara nyingi hupanda na kalisiamu na magnesiamu. Sabuni ya kipande ikikutana na madini hayo haiyeyuki tena, inakuwa utandu unaonata. Ile duara ya kijivu unayoiona ukingoni mwa beseni ndiyo hiyo hiyo iliyoingia ndani ya mashati.

Jaribu hivi. Tafuta chupa mbili. Moja tia maji ya mvua, nyingine maji yako ya kisima, kila moja na kipande cha sabuni sawa na ukucha. Tikisa kwa nguvu. Ya mvua itajaa povu. Ya kisima ikibaki na mawingu na vidonge vinavyoelea kama maziwa yaliyoganda, jibu unalo.

Dawa yake ni soda ash tena, lakini itangulie sabuni. Koroga kijiko kimoja cha mezani katika beseni la maji, ungoje dakika kumi. Kalisiamu itashikana nayo na kutulia chini. Ndipo utie sabuni. Lakini kama maji yako yana ladha ya chumvi kabisa mdomoni, soda ash haitaondoa chumvi hiyo. Hapo achana na sabuni ya kipande, utengeneze ile ya maji yenye Ungerol, uji mzito wa kutoa povu unaouzwa maduka ya kemikali, ambayo madini hayaishindi kwa urahisi. Nimeeleza chini, katika jibu la Kevo.

Mashati yaliyokwisha kuharibika usiyatupe. Yaloweke usiku mzima katika maji ya moto yenye sabuni ya Ungerol na kijiko cha soda ash, yasuuze vizuri, na katika maji ya mwisho tia nusu kikombe cha siki. Nimeona mashati yakirudi baada ya mizunguko mitatu, kwa hiyo usikate tamaa mara ya kwanza. Bluu ya kufulia haitakusaidia hapa, inaficha umanjano machoni tu, utandu haiutoi.

Mimi ni mama fua. Kuna nyumba ninayofua kila Jumamosi, na mwenye nyumba hujitengenezea sabuni ya mtungi. Nikimaliza, vidole vinateleza hata nikisuuza mara ngapi, na jioni ngozi inachubuka. Naogopa kumwambia asije akaniacha. – Msomaji, Mukuru

Pole sana, mama. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko zote.

Kule kuteleza kusikoisha kunaonyesha sabuni ina alkali kupita kiasi. Inachukua mafuta ya ngozi yako na kuyageuza sabuni, ndiyo maana jioni hakuna kinachobaki kuikinga. Kuna uwezekano mkubwa mwenye nyumba alitia caustic soda, ambayo ni alkali kali sana, au soda ash kwa macho, bila kupima. Najua kwa sababu nilifanya hivyo hivyo mwaka wangu wa kwanza. Aliyekuwa akinifulia alinyamaza mwezi mzima, mpaka siku moja akashindwa kushika kikombe cha chai. Sijasahau vile vidole.

Mwambie. Usimwambie kwamba sabuni yake ni mbaya, mwonyeshe mikono na umwombe aipime. Mtu mwenye utu akiona hatabishana. Wakati unangoja, omba glavu za mpira, nazo si gharama ya kumshinda anayenunua kemikali kwa kilo, na ujipake mafuta ya kujipaka kabla ya kuanza na baada ya kumaliza. Ngozi ikipasuka na kutoa maji, simamisha kazi ya nyumba hiyo uende kliniki.

Nanyi mnaotengeneza sabuni ambayo mkono mwingine utaishika, sikilizeni. Nunueni zile karatasi za kupimia asidi na alkali, kama za maabara ya shule. Ziko kwenye maduka yale yale ya kemikali. Chovya moja katika kila mtungi. Kwa sabuni ya kufulia kwa mkono nataka namba iwe kati ya 7 na 9. Ikizidi, ongeza Ufacid kidogo, ile asidi nzito ya kutengenezea sabuni, iliyoyeyushwa katika maji, ukoroge, upime tena. Ikipungua, ongeza maji ya soda ash. Halafu iache ilale hadi kesho na uipime mara ya mwisho. Wanawake wanaokaa kando ya barabara alfajiri wakingoja kuitwa kufua hawana kingine cha kuuza isipokuwa mikono hiyo.

Nilipata lita 20 za sabuni nzito kabisa. Nikaona niongeze chumvi iwe nzito zaidi, ikageuka maji. Niliibiwa dukani? – Kevo, Githurai

Hapana, Kevo, dukani hawana kosa. Chumvi huifanya Ungerol iwe nzito mpaka kiwango fulani, na ukikivuka inairudisha kuwa nyepesi. Hutaweza kuitoa chumvi iliyokwisha ingia. Ongeza maji pamoja na Ungerol kidogo ili chumvi ipungue makali, na itaanza kushikana tena.

Vipimo vyangu vya lita 20 ni hivi: Ungerol kilo moja, Ufacid gramu 500, soda ash gramu 150, chumvi kati ya gramu 200 na 500, rangi na manukato ukitaka. Katika ndoo ya plastiki yenye lita 10 za maji, mimina Ufacid polepole ukikoroga. Soda ash iyeyushe pembeni katika lita mbili, uiongeze kidogo kidogo. Itachemka povu kwa sababu asidi na soda ash vikikutana hutoa gesi ya kaboni, kwa hiyo usijaze ndoo. Fungua madirisha. Povu likitulia, pima kwa karatasi. Ungerol ikoroge peke yake katika ndoo nyingine, ukiongeza maji kikombe baada ya kikombe mpaka ilainike, kisha unganisha na ujaze maji hadi lita 20. Chumvi iyeyushe katika maji na iwe ya mwisho, kikombe kimoja kimoja, ukingoja kila mara. Ikifikia uzito unaoutaka, weka chumvi mbali.

Watu husema ukoroge upande mmoja tu. Upande haujalishi. Mwendo ndio unaojalisha: koroga taratibu, la sivyo utapata ndoo ya povu usiyoweza kuipima.

Naweza kuchanganya siki na soda ash katika chupa moja ili nipate nguvu ya vyote viwili? – Achieng', Kayole

Usifanye hivyo, dada. Vinauana. Utaona povu jingi, kisha utabaki na maji ya chumvi isiyofua kitu. Soda ash iingie na sabuni, siki isubiri maji ya kusuuza. Na siki, wala Ufacid, visikutane kamwe na Jik, dawa ya kung'arisha nguo: asidi ikigusa dawa hiyo hutoa gesi ya klorini, ambayo huchoma mapafu. Katika bafu zetu ndogo zisizo na dirisha, hilo ni jambo la kukimbiza mtu hospitalini.

Jirani ananiambia sabuni bila caustic soda si sabuni. Ni kweli? – Mama Imani, Kawangware

Ni kweli kwa anayetengeneza miche kwa mafuta. Kwa vipimo viwili nilivyotoa hapa huihitaji, na kama una watoto wadogo ningekuomba usiiweke ndani ya nyumba kabisa.

Ukilazimika kuitumia, tia caustic soda kwenye maji, kamwe usimwage maji juu yake, kwa maana hupata moto wa kuchemka na kuruka usoni. Usiitie katika sufuria ya aluminiamu, itaila sufuria na kutoa gesi inayoweza kulipuka. Tumia plastiki nzito na mwiko wa mti ambao haurudi jikoni. Na ninawasihi, msihifadhi kemikali wala sabuni katika chupa za soda au za maji ya kunywa. Mtoto huona soda. Akimeza caustic usimtapishe, kwa sababu itamchoma koo mara ya pili ikipanda. Suuza kinywa chake, umkimbize hospitali, na uende na hicho chombo.

Inafaa kwa mashine ya kufulia? – Msomaji, South B

Ya Ungerol ina povu jingi mno kwa mashine ya kufungulia mbele, na ya kuparuza huacha utandu ndani ya mabomba. Kwa mashine nunua iliyotengenezewa mashine.

Majirani wameanza kuniomba niwauzie. Nianzie wapi? – Baraka, Dandora

Hongera, Baraka. Kwa kuuza unahitaji leseni ya biashara ya kaunti, na sabuni yenyewe ipimwe na KEBS, shirika la viwango la Kenya, ofisi zao ziko Popo Road, South C, ndipo upewe alama ya ubora. Nenda ukiwa na vipimo vyako vimeandikwa kwa gramu, maana wakichukua sampuli leo na nyingine mwezi ujao lazima zifanane. Wengi hukwama hapo kwa sababu walizoea kupima kwa kikombe, kwa hiyo nunua mizani kabla ya kununua stika. Juu ya mtungi andika kilichomo, tarehe uliyotengeneza, na kwamba iwekwe mbali na watoto. Kuna wauzaji watakaokushauri utie formalini ili isioze. Usikubali, ni kitu kinachosababisha saratani, na wewe ndiye utakayeivuta kila siku ukikoroga. Tengeneza kidogo, uza iishe, utengeneze tena.