Nipulize dawa gani ili njia za msituni zisiote tena?

SWALI: Habari mtaalamu. Nina eneo la miti lenye mteremko, mwaka jana nilimwita jamaa mwenye katapila akanichongea njia za kutembea kuanzia nyumbani juu mpaka bondeni, moja kwa moja. Zilipendeza sana, safi kabisa. Sasa mvua zimepita, pembeni vichaka vimerudi kuliko mwanzo, katikati kumechimbika mpaka gotini na kule chini ni tope tupu, watu wanapita kwa kuzunguka. Jamaa mwingine ananiambia tupulize dawa mita 2 kila upande, katapila lirudi lisawazishe, halafu tumwage kokoto kwenye tope. Dawa ipi inakaa muda mrefu zaidi?

JIBU: Ndugu yangu, msimamishe kwanza huyo mtu wa katapila, mengine yatafuata. Swali lako nalipata kila mvua zikiisha, maneno yanabadilika tu ila jambo ni lilelile, mtu njia imeharibiwa na maji halafu anatafuta dawa ya majani. Majani hayawezi kukuchimbia korongo la kufika gotini! Yamechimba maji, na yamepata nafasi kwa sababu njia yako imeshuka sawasawa na mteremko na katapila likaondoa kila kilichokuwa kinashika udongo.

Na hapa ndo watu wananichosha kusema kweli. Kuna imani imewakaa vichwani kwamba njia safi ni ile isiyo na jani hata moja, udongo mtupu unang'aa kama uwanja uliofagiliwa. Kwa msituni hiyo ni njia inayosubiri mvua tu. Yale majani makavu yaliyotandikwa chini na ile mizizi midogo ya juu juu ndo inapunguza nguvu ya matone na kuyapa maji muda wa kuzama, sasa ukivikwangua vyote na chuma kizito kikapita juu yake udongo unashindiliwa, maji hayaingii, yanakimbia. Isitoshe katapila linachimba katikati na kuacha tuta kulia na kushoto, yaani umelipia mtu akujengee mfereji, maji yakishaingia humo hayana pa kutokea mpaka bondeni. Tope lako limetoka huko juu, ukimwaga kokoto zitazama na msimu ujao utamwaga tena.

Vichaka navyo, vitakosaje kurudi? Katapila linataka nafasi pana, miti imeondoka, jua linapiga mpaka chini, na mbegu zilizokuwa zimelala ardhini zimepinduliwa juu zikapata mwanga. Ukiacha matawi ya juu yakutane juu ya njia, kivuli kitakupunguzia sana kazi ya kufyeka. Watu wanakata miti ili njia ipate hewa, kisha wanashangaa magugu.

Kuhusu dawa nikujibu maana ndo ulichouliza. Gilaifoseti inayouzwa kila mahali inaingia kupitia majani mabichi na ikigusa udongo inanaswa humo, kwa hiyo mbegu zilizoko chini haizigusi, utaua kilichoota leo na kesho kutwa kinaota kingine kwenye udongo ulioachwa mtupu. Halafu machipukizi mengine unayoyaona pembeni yanatoka kwenye mizizi ya mti mkubwa ulioko ndani, ukiyapulizia unampelekea mama yake sumu. Na hizo zinazokaa muda mrefu ardhini, kwa mfano imazapiri, mizizi ya miti ya jirani inazinyonya na unaweza kuua miti ambayo hukuilenga kabisa. Kwa hiyo "inayokaa zaidi" ndiyo hasa usiyotaka karibu na msitu wako. Sisemi dawa haina kazi, kisiki kibishi kinachochipua kila mara ukikikata na papo hapo ukapaka dawa iliyoandikwa kwa kazi hiyo kwenye ule mzunguko wa pembeni karibu na ganda, inafanya kazi vizuri, na ni matone tu. Kupuliza mita 2 kila upande njia nzima ni kitu kingine kabisa.

Unachotakiwa kufanya ni kuihamisha njia. Ndiyo najua inauma, umeshalipa. Lakini njia iliyonyooka na mteremko haitengenezeki, kila ukijaza maji yanabeba. Njia mpya ikate kilima kwa ubavu, na mwinuko wake usizidi nusu ya mteremko wa kilima chenyewe, wastani tuseme asilimia 10 basi. Kupima ni rahisi, chukua ubao ulionyooka wa mita 2, weka pimamaji juu yake, ncha moja iguse ardhi upande wa juu, ncha ya chini inyanyue mpaka kiputo kikae katikati, kisha pima nafasi iliyobaki chini ya ile ncha. Ikiwa sentimita 20 hiyo ni asilimia 10. Ikizidi sogeza kigingi. Weka vigingi na utepe njia nzima kabla hujagusa jembe, kaitembee mara kadhaa kwenda na kurudi, na ukikutana na mizizi minene pindisha njia, usiikate, mti uliokatwa mizizi upande mmoja unakuja kukuangukia siku ya upepo.

Halafu uso wa njia uinamie kidogo upande wa bondeni, kwa upana wa mita 1 ukingo wa nje uwe chini kwa sentimita 5 hivi, maji yavuke njia na kuendelea zake. Na usiiache ishuke mfululizo, kila baada ya mita 15 au pungufu kama pamesimama, ifanye ipande hatua chache ndipo iendelee kushuka, pale kwenye kibonde maji yanatoka nje yenyewe hata ule mwinamo ukishakanyagwa ukaisha. Ukimaliza kipande mwaga ndoo ya maji juu yake uangalie. Yakikimbia kufuata njia hata mita chache hujamaliza. Na mvua ikinyesha toka na jembe, hapo ndo utaona kila kosa, na matengenezo yenyewe mengi ni hayo tu, kuondoa ule ukingo mdogo wa udongo unaojijenga upande wa nje na kuzibua vile vibonde.

Kufyeka fyeka kwa mkono, upana wa mita 1 na nusu na kimo cha mita 2 na nusu vinatosha kwa waenda kwa miguu. Vijiti usivikate kwa panga mshazari ukaacha ncha kwenye kimo cha kifundo cha mguu, mtu akijikwaa ule ni mkuki, inatoboa kiatu. Kata kwa msumeno usawa wa ardhi. Tawi nalo likate nje kidogo ya ile sehemu iliyovimba linapoungana na shina, usilikwangue mpaka shinani na usiliachie kigutu kirefu, na jeraha usilipake rangi wala lami, mti unajifunga wenyewe.

Njia ya zamani usiiache wazi, watu wataipita tu kwa sababu ni mkato. Laza magogo kuikata, yazamishe kidogo ardhini, tandaza majani na matawi, na ziba juu na chini kwa vichaka hivyohivyo ulivyofyeka. Bondeni kama hamna pa kukwepea, jenga daraja la mbao au pandisha njia kwa mawe.

Sasa ninyi wengine wote mnaosoma. Anayewaambia mmwage oili chafu au chumvi kwenye visiki anawaharibia udongo na maji mnayoyanywa, hiyo si dawa ya kitu chochote. Anayesema choma moto tu utamaliza kazi kwa siku moja hajawahi kuona moto ukitembea chini kwenye mizizi na kuibukia mbali baada ya watu kulala. Na huyu mwenye chensoo anayekuja na kandambili, bila kofia ngumu wala kinga ya miguu, anakata huku ameinua mashine juu ya mabega, msimruhusu aingie hata kama anafanya nusu bei, msumeno ukimrukia mtajua pa kumpeleka? Angalieni sana mti ulioanguka ukanasa kwenye mwenzake juu ya njia. Watu wanapita chini yake miezi, siku nyingine jamaa anaambiwa autoe anaanza kuukata kwa chini au kuukata ule ulioushikilia. Huo unashuka bila kutoa ishara yoyote. Ukiuona ziba njia pande zote mbili mbali kabisa na unapoweza kufika ukianguka, na subiri mtu mwenye winchi na aliyefundishwa kazi hiyo, hata ikichukua mwezi mzima.