Msimfungie ndani mjamzito mwenye arosto, mimi nilifungiwa

Mkuu, umeandika kwamba mdogo wako amerudi Mtwara kutoka Dar, ana mimba ya miezi minne hivi, anavuta unga (heroini), na ukoo umekaa kikao ukaamua afungiwe chumbani wiki mbili "arosto imtoke", yaani yale mateso ya mwili ukikosa unga, kabla tumbo halijawa kubwa. Unauliza kama mtoto anaweza kudhurika. Wadau wengi hapo juu wamekujibu mfungeni tu, ataacha. Mimi nilifungiwa, kwa hiyo nivumilie, nitaandika kirefu.

Ilikuwa 2016, nyumbani kwa bibi yangu Mikindani. Nilirudi sijui kama nina mimba. Watu wanashangaa mtu anafikaje mwezi wa nne bila kujua, lakini unga unavuruga hedhi. Nilishakaa karibu mwaka mzima siku zangu zinakuja zinavyotaka, kwa hiyo zisipokuja si habari. Bibi ndiye aliyeona. Nilikuwa namenya ming'oko uani, akaniangalia shingo, akaniangalia kifua, akasema, "Mjukuu wangu, humo hauko peke yako." Jioni yake wakubwa wakakaa, na usiku ule ule nikaingizwa chumba cha uani kinachowekwa magunia ya korosho, kufuli nje.

Siku ya kwanza ni miayo, makamasi na machozi. Siku ya pili tumbo linasokota, unahara, unatapika, mifupa inauma kama inatwangwa kinuni. Mtu asiye na mimba hayo yanamtesa sana, ila kwa kawaida anayavuka. Mjamzito ni habari nyingine. Mji wa mimba nao unaanza kubana, na mtoto, ambaye amezoea kile anachokipata kupitia damu ya mama yake, anapata arosto yake mwenyewe humo ndani. Mimba inaweza kuharibika, uchungu unaweza kuja kabla ya wakati, mtoto anaweza kufia tumboni. Hata akipita salama, wengi wanaokatishwa ghafla hurudia unga baada ya muda, na wanarudia kipimo cha zamani wakati mwili umeshapoteza mazoea. Hapo ndipo watu wanapozima moja kwa moja.

Usiku wa siku ya tatu niliona damu kwenye kanga. Nikapiga mlango mpaka ngumi zikavimba.

Mjomba ndiye aliyevunja kufuli. Kwetu huku unajua neno la mjomba lilivyo: akishasema, baba mwenyewe anakaa chini. Akanipakia kwenye bodaboda, yeye nyuma ananishika nisianguke. Kituo tulichofika sikitaji. Muuguzi wa kwanza alisema kwa sauti, wodi nzima inasikia, "Kumbe mateja nao wanazaa?" Nilitaka kurudi kwenye chumba cha magunia. Lakini kulikuwa na tabibu mmoja mtu mzima, akanitegea kile kipembe tumboni, akasikiliza muda mrefu, akamwambia mjomba, "Mtoto yupo. Huyu msimkatishe ghafla. Apelekwe akaanzishiwe methadoni." Mjomba akauliza hiyo ndiyo nini. Na mimi sikuwa najua vizuri, ingawa nilikuwa nimeishi Dar miaka mitano na wenzangu kadhaa wa maskani walikuwa wameshahamia huko. Tulikuwa tunawacheka, tunawaita wanywa sharubati.

Damu ilipokatika tukapanda basi la alfajiri kwenda Dar. Ni zaidi ya kilomita 550. Kuna jambo hapa silisemi kwa kujisifu wala kukushauri, nasimulia tu lilivyokuwa. Basi liliposimama Nangurukuru nilikuwa natetemeka hata chupa ya maji siwezi kuishika. Nilikuwa na kete moja nimeificha kwenye pindo la gauni. Nikashuka kuelekea vyooni, na mjomba alijua ninakokwenda, maana alinishika mkono kidogo, halafu akauachia. Niliporudi alikuwa anaangalia nje dirishani. Mpaka tunavuka daraja la Mkapa pale Rufiji hakunisemesha.

Sasa hiyo methadoni, dawa ya kunywa ambayo mraibu wa unga anapewa hospitalini badala ya unga. Wapo watakaokwambia ni kubadilisha unga kwa unga. Hata bibi alisema hivyo. Tofauti iko kwenye muda. Unga unapanda na kushuka mara tatu nne kwa siku, na kila unaposhuka mtoto anashuka nao. Methadoni unainywa mara moja kwa siku na inakaa mwilini karibu siku nzima, haikupandishi juu, haikuangushi. Ni kama mtu aliyezoea kuvuka kwenda Msanga Mkuu kwa mtumbwi siku ya kusi, leo umempandisha kivuko. Maji ni yale yale, ila hatapiki. Hii si siri ya mateja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2014 unasema mjamzito mwenye uraibu wa aina hii ahimizwe kuingia kwenye tiba hii, asisukumwe kukata. Hapa kwetu methadoni ilianza Muhimbili mwaka 2011, ikasambaa hospitali nyingine za Dar, kisha mikoani. Piga 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, uulize kituo kilicho karibu nanyi leo na kama mjamzito anapokewa bila kusubiri foleni.

Dawa yenyewe ni bure. Nauli siyo bure, wala chakula, na ndicho kinachowashinda wengi, maana unakwenda kila siku, Jumapili, Idi na Krismasi. Unafika dirishani, unatajwa namba, unapewa kikombe, unakunywa mbele ya muuguzi, halafu anakuuliza jambo lolote ili ufungue mdomo ahakikishe umemeza. Wangu alikuwa ananiuliza kila siku, "Mama kijacho, umekula nini?" Siku nyingine nilijibu uongo. Nilikuwa nimefikia kwa mama mdogo, Temeke, na mjomba alikuwa ananitumia nauli ya wiki kwa simu, akiuza hata korosho za mbegu.

Mwanzo dozi ni ndogo, inapandishwa taratibu, kwa hiyo siku za kwanza arosto bado inauma uma. Hapo ndipo penye hatari: mtu anaongezea unga juu, au vidonge vya usingizi, au gongo, pumzi inakata. Mkae naye karibu wiki mbili hizo. Na akikosa dawa siku tatu mfululizo asinywe ile ile aliyoachia, lazima wampime upya.

Nilifika miligramu 80 nikatulia. Mwezi wa saba nikaanza kuamka saa tisa usiku nimelowa jasho. Nikadhani nimeharibikiwa, nikaogopa hata kusema, nisije nikaambiwa nimerudia. Kumbe tumbo likikua maji ya mwili yanaongezeka na dawa inaisha upesi. Wakanipandisha mpaka 110. Mama mdogo alilia, akisema namlisha mtoto sumu. Daktari akamweleza kwamba ukubwa wa dozi ya mama hautabiri mtoto atasumbuka kiasi gani akizaliwa, na kwamba mama mwenye arosto ni mbaya zaidi kwake kuliko hizo 30 za juu.

Kliniki ya wajawazito aende kama kawaida, na kila anayemhudumia aambiwe kuhusu methadoni. Hili nalisisitiza kwa sababu ya mwenzangu mmoja wa dirishani. Alikuwa kwenye ARV zenye efavirenzi, dozi yake ikawa haimfikishi jioni, na hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili mpaka alipotaka kuacha. Rifampisini ya kifua kikuu nayo inaishusha methadoni sana. Dozi inarekebishwa tu, lakini lazima wajue.

Leba pia waambieni. Methadoni ya kila siku haiui uchungu wa kuzaa, na asubuhi hiyo bado anatakiwa kuinywa. Sindano ya maumivu iitwayo pentazosini asichomwe, inamtia arosto pale pale kitandani. Na mtoto akizaliwa amelegea asaidiwe kupumua kwa mfuko, asipigwe naloksoni, ile sindano ya kuondoa nguvu za dawa za aina hii.

Sasa mtoto. Wangu alizaliwa kilo mbili na nusu, analia vizuri, ananyonya, kila mtu anafurahi. Kesho yake wakataka kuniruhusu, kama wanavyoruhusu wote. Mkuu, hapa usikubali. Arosto ya mtoto wa methadoni haionekani siku ya kwanza, mara nyingi inakuja siku ya pili au ya tatu, na anatakiwa kuangaliwa siku tano mpaka saba. Mimi niling'ang'ania kitanda, nikaitwa mkaidi. Siku ya pili jioni akaanza kupiga chafya. Moja, mbili, nikahesabu nane mfululizo. Kisha kilio kikabadilika, kikawa chembamba, kikali, hakinyamazi kwa ziwa wala kwa kubembelezwa. Vidole vikawa vinatetemeka hata akiwa amelala. Anavamia ziwa kwa njaa halafu hawezi kuvuta.

Bibi alikuwa amepandishwa basi kuja kumwona, na alichosema ni dege, atafutiwe ubani na dawa ya mchango. Nikamwambia bibi, hili ni langu mimi, nalijua lilivyo. Sidhani kama nimewahi kusema sentensi ngumu kuliko hiyo.

Tiba ya kwanza si dawa. Wakatuhamishia kona isiyo na kelele, taa ikapunguzwa, akafungwa vizuri kwenye kanga, mchana kutwa akawa kifuani kwangu ngozi kwa ngozi, na ziwa kidogo kidogo kila mara. Maziwa yana methadoni chembe tu, na kunyonya kunawatuliza watoto hawa, kwa hiyo asiachishwe kwa sababu ya dawa. Kama mama amerudia unga, au kama ana VVU, suala la kunyonyesha lifuate maelekezo ya wataalamu. Mtoto asipotulia kwa hayo, asipoongezeka uzito, au akihara sana, wapo wanaopewa morfini ya maji kwa matone inayopunguzwa siku hadi siku. Degedege ni dharura. Wangu alitulia siku ya tisa bila dawa. Bibi aliniwekea zamu ya usiku, akawa anambeba anamwimbia nyimbo za unyago ambazo mtoto wa kiume hapaswi hata kuzisikia.

Niliendelea kunywa mpaka alipotimiza miaka mitatu, ndipo nikaanza kupunguziwa, na hilo lilichukua zaidi ya mwaka. Wapo walionizidi muda na wako vizuri, wanafanya kazi zao. Msimwekee mdogo wako tarehe ya kuacha. Miezi ya mwanzo baada ya kujifungua ndiyo mibaya, mtoto analia, usingizi hakuna, na wa maskani wanajua unapokaa.

Nakuomba leo usiku kufuli litoke. Akiwa ameshakatishwa na anatokwa damu, au tumbo linabana kwa vipindi, msisubiri asubuhi, nendeni hospitali na mseme wazi anatumia nini.

Nijibu mambo mawili: anavuta tu au anajidunga pia, maana akijidunga kuna vipimo vya VVU na homa ya ini vya kuwahi. Na mjomba wenu yuko wapi? Kwenye kikao chote ulichosimulia hukumtaja.